Menengai Mgongoni, Ziwa Mbele: Gofu ya Msee wa Nax

Wasee wa Mombasa hutupigia kelele mob na bahari yao. Ati Nyali, ati Vipingo, ati Diani. Sawa, tumeskia. Lakini msee wa Nax akisimama pale Nakuru Golf Club, Menengai iko mgongoni, mji uko chini, Ziwa Nakuru inang'aa kule mbele, na hakuna jasho ya pwani inagandisha shati kwa mgongo. View tuko nayo. Kitu inatushinda ni geti. Kuna maboy na madame wa Section 58, Shabab na Bondeni wamepita nje ya hiyo klabu tangu wakiwa watoi na hawajawahi weka mguu ndani, juu walishajiambia hiyo ni form ya wadosi wa V8 na wababa wa kitambi.

Sasa shika hii rada: hiyo geti hufunguka. Si bure, na si kama kuingia uwanja wa mtaa na boli ya karatasi, but hufunguka.

Cheki venye system inarun. Klabu za gofu huku Rift karibu zote ni za mamemba. Memba analipa ya mwaka, so hiyo place anaiona kama sebule yake. Wewe ukikuja unaitwa mgeni: unalipa ada ya kucheza, unakodi vijiti kama huna, unapewa kedi wa kukubebea begi, unaenda. Kanairo wako na Golf Park pale Ngong Racecourse, penye mtu yeyote analipa na anacheza bila kuulizwa yeye ni nani. Nax bado hatuna kitu kama hiyo. So trick ni kupiga simu mapema, uulize wageni wanachukuliwa siku gani. Wikendi mara mingi kuna tonamenti na hautapata nafasi. Katikati ya wiki uwanja umetulia, na bei kawaida huwa chini.

Na mtu asikudanganye ati gofu ilizaliwa ikiwa ya matajiri. Huko Uskoti, St Andrews, gofu imechezwa tangu karne ya 15, na Old Course yenyewe iko kwa ardhi ya umma. Jumapili kwa kawaida hawachezi. Wasee wa mji wanaingia na watoi na mbwa wao, wanatembea juu ya nyasi yenye mapro wa dunia nzima huota kuikanyaga. Hii maneno ya ukuta na askari ililetwa huku na walowezi. Rift ilikuwa ndani ya White Highlands, ardhi ilitengewa wazungu, na klabu ilikuwa baraza yao: mkulima anashuka kutoka shambani, anacheza, anakunywa, anapanga siasa. Mwafrika aliingia akibeba begi ya mtu. Uhuru ilikuja 1963, mamemba wakabadilika rangi, lakini ile baridi ya getini bado msee wa mtaa anaiskia.

Haya, tuzunguke.

Nakuru Golf Club ndio ya kuanzia, juu ni ya hapa nyumbani. Uwanja umekaa kwa mteremko wa Menengai, so miguu itaongea. Hiyo crater huko juu ni ya volkano, karibu kilomita 12 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na ndani bado kuna moshi, si story za jaba. Ndio maana kampuni ya serikali ya mvuke, GDC, wanachimba visima vya mvuke humo. Ukimaliza kucheza na bado uko na nguvu, panda hadi view point uione vizuri.

Njoro Country Club iko kama kilomita 20 hivi, mathree ziko mob. Ni mashimo tisa, so unazunguka mara mbili ukitaka kumi na nane. Ukiwa beginner, wachana na hiyo mara ya pili. Njoro ndio mlowezi Lord Delamere alianzia maisha ya ufugaji na ngano huku Kenya, na chuo cha Egerton kiko hapo hapo. Comrade wa Egerton mwenye anapoteza alasiri nzima akiscroll kwa hosteli, uko karibu na gofu kuliko mabeshte zako wengi wa Kanairo.

Ukishuka upande wa Gilgil kuna Gilgil Country Club, nayo ni mashimo tisa, imetulia, hakuna kujishow. Raha ya hii ni package: asubuhi gofu, lunch choma pale Kikopey, halafu jioni mnapitia Elementaita kucheki ndege. Hiyo ziwa, pamoja na Nakuru na Bogoria, iliwekwa kwa orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2011. Mbogi ya watu wanne kwa gari moja, mafuta mnachanga, na hiyo ni siku imeiva.

Kama kuna birthday ama ganji imeingia, sasa ndio unaongea Great Rift Valley Lodge, kwa miteremko ya Eburru juu ya Naivasha. Mashimo kumi na nane, Ziwa Naivasha iko chini, Longonot imesimama ng'ambo ile, na wanyama wanakatiza uwanja kama wamelipa kuliko wewe. Punda milia akisimama kwa laini yako, ni wewe unangoja. Hii ni hoteli ya kitalii, so mfuko utaskia. Uliza bei yote kabla ya kutoka keja: ada, vijiti, kedi na lunch.

Na wale wa kupenda baridi, kuna Nyahururu Sports Club. Huko ni zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na maporomoko ya Thomson, yenye yanaanguka mita 74, yako hapo karibu. Beba hudi. Na usishangae mpira ukienda mbali kuliko venye ulitarajia. Huko juu hewa ni nyepesi, haiushiki mpira sana. Hata Nax, kwa zile mita 1,850 na kitu, mpira unapaa kuliko wa msee wa Mombasa mwenye nguvu sawa na wewe. Huo ni mtaji wetu, na hakuna mtu anautangaza.

Sasa luku. Hapa ndio wengi hurudishwa. Shati iwe na kola, ichomekwe. Jeans hapana, vest hapana, njumu za boli hapana. Raba za kawaida mara nyingi ziko sawa, lakini uliza. Huna haja ya kuchapa luku ya TV. Kwa mitumba ya Nax utatoa polo fiti na longi ya kaki, na hakuna mtu atajua ulilipa ngapi. Vijiti usinunue bado. Sheria inaruhusu kubeba hadi 14, lakini siku ya kwanza tatu zinatosha: aini ya saba, weji ya kuinua mpira, na pata ya kumalizia kwa grini.

Halafu kuna kedi, na hapa nataka unisikize poa. Kedi si msee wa kubeba mzigo tu. Mchukue hata kama unaweza beba begi yako mwenyewe. Mcheki akifika kwa grini: anachuchumaa nyuma ya mpira, anafunga jicho moja, anatembea hadi kwa shimo akiskia mteremko na soli ya kiatu, halafu anakuonyesha kidole mahali nyasi imebadilika rangi. "Piga hapa, boss, usiangalie shimo." Wewe unaona mpira utapanda, yeye anajua utashuka, juu mlima mzima umeinama kuelekea bondeni na macho yako yamedanganywa na huo mwinamo. Ukibisha, mpira unapita shimo na kuendelea na safari. Ukimskiza, unaingia, na mabeshte wanadhani uko na kipaji.

Hao wasee ndio chuo cha gofu ya Kenya. Dismas Indiza, mmoja wa mapro wakali wenye hii nchi imetoa, alianza akibeba mabegi Mumias. So mlipe kedi venye mmekubaliana, umuongeze kitu, na umuulize maswali. Kama ni mzee kukuliko, salimia kwanza.

Manna za uwanja ni chache. Mtu akipiga, nyamaza na usisimame nyuma yake. Mpira ukielekea kwa watu, paza sauti "Fooo!" bila aibu. Uking'oa nyasi, rudisha. Ukitoka kwa mchanga, piga reki. Ukipoteza mpira kwa kichaka usitafute hadi jua lizame. Kuna wasee wanangoja nyuma. Na simu iweke silent. Picha ya ziwa piga, lakini piga ukingoja zamu yako.

Ukiuliza kwa nini nakusukuma hivi, jibu ni simple. Nax ilipewa cheo cha jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jiji limepanuka, maploti zimejaa hadi Lanet, na nafasi zenye zimebaki na nyasi na miti zinahesabika. Uwanja wa gofu ni mojawapo, na ukikosa kuingia hata siku moja, hautakuwa na sauti mtu akitaka kuukata maploti, na hautakuwa na hoja ya kuambia kaunti itutengee hata mashimo tisa ya umma, watoi wa mtaa wajifunze bila kuuliza mdosi. Watu hawapiganii place hawajawahi kanyaga.

So Jumatano hii, tafuta mabeshte wawili, chomekeni mashati, pigeni simu kwanza, mfike mapema. Mpira wa kwanza labda utaenda mita kumi, labda hata hautasonga. Hakuna mtu anakucheki. Wale wababa wa kitambi nao walianza hivyo hivyo, na wengine wao, tukisema ukweli, bado wako hapo.