Sukari Ndiyo Inayoipitisha Chumvi

Mtoto akianza kuhara, nyumba nyingi bado hufuata ushauri wa zamani: anyimwe chakula na maji ili tumbo lipumzike, maana kila kinachoingia kinatoka. Ukitazama kwa macho tu, ni ushauri wenye akili. Utumbo wenyewe unasema vingine.

Chukua sahani ya ugali na maharage. Wanga huanza kuvunjwa mdomoni na kimeng'enya kilichomo kwenye mate. Ndiyo maana tonge likitafunwa kwa muda mrefu huanza kuleta utamu. Tumboni, asidi na pepsini huishambulia protini ya maharage huku misuli ikikoroga mpaka chakula kiwe rojorojo. Tumbo hulaumiwa kwa kila kitu, lakini virutubisho vinavyofyonzwa humo ni vichache mno. Kazi kubwa iko mbele, kwenye utumbo mwembamba. Humo kongosho humwaga vimeng'enya vyake, na nyongo kutoka kwenye ini huyatawanya mafuta yawe matone madogo yanayoweza kuyeyushwa. Mwishowe wanga umekuwa glukosi na protini imekuwa asidi za amino.

Hata hapo chakula bado hakijaingia mwilini. Kimezungukwa na mwili tu. Kuingia ni kuuvuka ukuta wa utumbo. Ukuta huo una mikunjo, na juu ya mikunjo kuna vinyuzi vidogo visivyohesabika. Vitabu vingi vilikuwa vikitaja eneo la mita za mraba 200 au zaidi, mpaka watafiti wawili wa Sweden walipopima upya mwaka 2014 na kupata kama 30 hivi. Si haba, kwa kitu kinachokaa ndani ya fumbatio.

Glukosi haiupenyi ukuta huo hivihivi. Seli zake zina protini iliyo kama mlango, nao haufunguki kwa mtu mmoja: kila molekuli ya glukosi huingia pamoja na chembe mbili za sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi ya jikoni. Zikishapita, maji huzifuata. Mmarekani Robert Crane ndiye aliyeueleza ushirika huu, mjini Prague, mwaka 1960.

Maji yenyewe ni mengi kuliko tunavyodhani. Kila siku utumbo mwembamba hupokea lita 8 hadi 9, na katika hizo tulizokunywa ni kama 2 tu. Zilizobaki ni mate, nyongo na majimaji ya tumbo na kongosho. Karibu yote hurudishwa mwilini. Kipindupindu huvunja utaratibu huo: sumu ya bakteria huzilazimisha seli za utumbo kumwaga chumvi na maji bila kukoma, na mgonjwa anaweza kufa kwa kukaukiwa ndani ya saa chache. Lakini mlango wa glukosi sumu hiyo haiufungi.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kilizuka kwa wakimbizi waliokuwa Bangaon, India. Dripu zilikuwa zikiisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya glukosi, chumvi na magadi kwenye maji safi, na ndugu wa wagonjwa ndio waliowanywesha. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Pakiti ya ORS unayopewa leo zahanati ni mtoto wa mchanganyiko ule.

Usiidharau kwa kuwa ni ya bei ndogo. Ikikosekana, changanya vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Usiongeze sukari ili mtoto aipende: ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini kuyarudisha utumboni na kuhara kunazidi. Soda ina kasoro hiyohiyo. Mnyweshe kidogokidogo. Akitapika, subiri dakika 10 kisha uendelee taratibu. Anayenyonya aendelee kunyonya, anayekula aendelee kula. Akiwa na macho yaliyozama, akilegea, akishindwa kunywa au akitoa choo chenye damu, mpeleke kituo cha afya mara moja, na njiani endelea kumnywesha ikiwa anaweza kumeza.