Hewa ya Sumu Katika Kabini ya Lori



Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaosafiri na nyumba zilizojengwa juu ya magari, zenye kitanda na jiko, na wengi wao hutundika ukutani king'ora kinacholia hewa ya sumu ikizidi. Kwetu nyumba ya namna hiyo ni kabini ya lori. Dereva atokaye Dar es Salaam kupitia Rusumo hutembea kama kilomita 1,500. Afikapo Masaka, kabla ya Kabeza, kwenye bandari kavu iliyofunguliwa mwaka 2019, huenda akalala humo humo na utingo wake akingoja zamu ya kupakua. King'ora hana.

Usiku wa mvua Kigali una baridi. Mmoja huacha injini ikinguruma, mwingine huingiza jiko la mkaa na kufunga vioo. Vyote viwili hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa huuma, kichefuchefu huja, miguu hulegea. Aliyelala hana habari. Kuacha upenyo wa kioo hakutoshi, na mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi ungali unaua. Dizeli hutoa hewa hii kidogo kuliko petroli, lakini ekzosi iliyotoboka chini ya kabini si ya kupuuzwa. Nanyi wa viwandani, jenereta isiwashwe ndani ya ghala.

Ukimkuta mwenzako amezimia, fungua milango kwanza, mtoe nje, mpeleke hospitali apewe oksijeni. Habari ya maziwa tuiache: haiondoi sumu hii, na asiye na fahamu humpalia.

Tena kuna mshale wa joto. Kigali iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Mombasa. Mfuniko wa rejeta ndio unaoyazuia kwa kuyabana. Ukilegea, maji yatachemka kabla mshale haujagusa wekundu. Yakiisha kabisa, mshale huweza hata kushuka, kwa kuwa kipimo kimebaki pakavu, na dereva hufurahi huku injini inaungua! Basi tazama maji yenyewe, asubuhi, injini ikiwa baridi.

Lakini dereva halali garini kwa kupenda. Hulala kwa kuwa posho ya chumba haikutolewa, na mzigo ukiibwa atakatwa yeye. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejitoa penye hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha yake. Matawi yenye madereva yadai mezani mambo matatu: posho ya kulala, mlinzi wa mzigo, na ekzosi kukaguliwa kabla ya safari.