Mstaafu wa Jeshi, Benki na Kihamba

Askari mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) anayeomba mkopo wa nyumba mjini Moshi huulizwa mambo matatu: kama kweli alilitumikia jeshi, kama pensheni yake inaingia, na kama ardhi anayoiweka rehani ni yake. Mawili ya kwanza serikali inayajua tayari. Pensheni ya wanajeshi hulipwa na Hazina, nayo huwahakiki wastaafu ili kuwaondoa wastaafu hewa. Mzee hufika mwenyewe na barua ya kustaafu, kitambulisho na taarifa za akaunti. Akienda benki, huanza upya na nakala zilezile.

Kinachokwamisha faili mara nyingine ni jina tu. Kijana aliyeandikishwa jeshini kwa jina la ubatizo na la baba, kisha akasajiliwa na mamlaka ya vitambulisho vya taifa, NIDA, kwa jina la ukoo, kwenye makaratasi ni watu wawili mpaka ale kiapo kwamba ni mmoja.

Marekani ililipunguza zoezi hili la kuthibitisha utumishi. Sheria iliyotiwa saini na Rais Roosevelt Juni 22, 1944 iliwapa waliotoka vitani mikopo ya nyumba inayodhaminiwa na serikali. Fedha hutolewa na benki. Serikali hubeba dhamana ya sehemu ya deni na kutoa cheti cha kustahiki. Zamani askari alikiomba kwa posta, akiambatanisha fomu ya kutoka jeshini iitwayo DD 214. Leo mara nyingi benki yenyewe hukipata mtandaoni kwa dakika chache. Moshi nako, namba ya NIDA ingesomwa na Hazina na benki kwa pamoja, safari kadhaa za daladala zingekwisha.

Suala la ardhi ni gumu zaidi. Kiwanja chenye hati mjini Moshi, pale Soweto au Pasua, hukaguliwa kwenye daftari la ardhi. Mlimani Kilimanjaro, kama Marangu, Kibosho au Machame, ardhi ni kihamba: migomba, kahawa, na makaburi ya babu nyuma ya nyumba. Kwa mila ya Kichaga, nyumba ya wazazi humwangukia mtoto wa mwisho wa kiume, na askari huenda si yeye. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila, na nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Hata hivyo, kusita kwa benki kunaeleweka: mgeni gani atanunua shamba lenye makaburi ya wenyewe? Kwa anayejenga mlimani, njia nyepesi hubaki kiinua mgongo, na mkopo mdogo unaokatwa kwenye pensheni.