Baridi Inayomvizia Mgonjwa wa Upasuaji

Mkazi wa Jinja, mji wa jua kando ya mto Nile, aghalabu haihesabu baridi kuwa miongoni mwa adui za mgonjwa. Mwenzake wa Mbale, autazamaye mlima Elgon wenye urefu wa meta 4,321, huenda akaifikiria zaidi, hasa akiwa na jamaa huko Kapchorwa au Bududa ambako usiku blanketi moja halitoshi. Lakini baridi tunayoizungumzia leo haitoki mlimani. Humpata mgonjwa ndani ya chumba cha upasuaji, hata mchana wa jua kali, na huanza muda mfupi tu baada ya kupewa nusukaputi.

Mwili wa binadamu hujitunzia joto la takriban nyuzi 37 za Selsiasi. Hufanya hivyo kwa kubana mishipa midogo ya damu mikononi, miguuni na katika ngozi, ili joto libaki kifuani, tumboni na kichwani. Na baridi ikizidi, mwili hutetemeka. Dawa ya usingizi huzivunja kinga hizo zote mbili. Mishipa hulegea, damu yenye joto hukimbilia nje, na ile iliyopoa hurudi ndani. Katika saa ya kwanza pekee joto la ndani laweza kushuka kwa nyuzi moja hadi moja na nusu, na hapo bado hatujataja tumbo lililofunguliwa wala dawa ya majimaji inayopakwa ngozini kuua vijidudu. Likishuka chini ya nyuzi 36, mgonjwa huhesabiwa kuwa amepoa kupita kiasi. Hata sindano ya mgongoni, wanayochomwa akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji, hulegeza mishipa ya miguu. Hivyo mama aliye macho naye hupoa, pengine bila kutambua.

Kisha ipo damu yenyewe. Mbale ina benki ya damu inayohudumia wilaya za jirani, na damu hiyo, kama ilivyo popote duniani, hutunzwa ndani ya jokofu kwenye nyuzi 2 hadi 6. Mfuko mmoja wa damu ya baridi, au lita moja ya maji ya dripu yasiyopashwa moto, hupunguza joto la mtu mzima kwa takriban robo ya nyuzi. Mgonjwa aliyepokea mifuko minne amekwisha kupoteza nyuzi nzima.

Madhara yake ni yapi? Damu iliyopoa huganda kwa shida, kwa hiyo mgonjwa huvuja zaidi. Moyo husumbuka, na dawa za usingizi hukawia kutoka mwilini. Kidonda nacho hupata damu haba, na askari wa mwili wanaopigana na vijidudu hulegea. Mwaka 1996 madaktari wa Austria na Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa 200 waliopasuliwa utumbo mpana. Miongoni mwa walioachwa wapoe hadi karibu nyuzi 34.7, vidonda vya 19 katika kila 100 viliingia vijidudu. Miongoni mwa waliopashwa joto ni 6 tu.

Uchunguzi mwingine, mkubwa zaidi, ulitangazwa mwaka 2022. Ulihusu wagonjwa zaidi ya 5,000 huko China na Marekani, nao ulionyesha kwamba mtu mzima aliyetunzwa kwenye nyuzi 35.5 hakudhurika zaidi ya yule wa nyuzi 37. Kwa hospitali isiyo na mitambo ya fahari hiyo ni habari njema: kinachotakiwa ni kutomwacha mgonjwa aporomoke, na kazi hiyo blanketi, dripu iliyopashwa joto na kipimajoto vyaweza kuisaidia sana.

Ndugu wa mgonjwa nao wana sehemu yao. Mgonjwa anayengoja zamu kwenye machela afunikwe vizuri, awe na soksi, na kichwa kifungwe kitambaa, muuguzi akiruhusu. Nusu saa ya joto kabla ya nusukaputi hupunguza sana kule kuporomoka kwa mwanzo. Akirudi wodini akitetemeka, watu wa kwetu husema upesi kwamba ni malaria. Joto lipimwe kwanza. Ila katu msimwekee chupa ya maji ya moto miguuni: mtu ambaye ganzi haijamtoka huungua ngozi asijue, na tiba ya jeraha la moto ni ndefu kuliko ya baridi.

Watoto wachanga ndio wapoao upesi kuliko wote, kwa kuwa kichwa chao ni sehemu kubwa ya mwili. Mbale inalijua hilo kuliko miji mingi, maana hospitali ya watoto ya CURE imekuwa ikiwapasua watoto wenye maji kichwani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kichwa kile kile kinachopoteza joto ndicho kinachopasuliwa, wala hakiwezi kufungwa kofia.

Askari na polisi wa barabarani wana neno lao pia. Majeruhi wa ajali katika barabara ya Tirinyi, au askari aliyejeruhiwa kazini, huanza kupoa pale pale alipoanguka, kwa kuwa damu imemtoka na ardhi inamnyonya joto. Zuieni damu kwanza. Kisha mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, na msisahau upande wa chini. Blanketi moja likae juu yake na jingine kati yake na ardhi, au sakafu ya bati ya gari linalompeleka Mbale au Jinja.