Monita mpya, waya wa zamani: kwa nini mteja hurudisha mali nzima

Mfanyabiashara anayeleta monita za 4K kutoka Dubai kuja Dar es Salaam au Mombasa anaweza kurudishiwa mali isiyo na kasoro yoyote. Mteja hulalamika kuwa mshale wa mausi unasuasua, au kioo kinazima na kuwaka chenyewe. Mara nyingi kosa ni la waya.

Hesabu yake ni hii. Kioo cha 4K kina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 8. Kila nukta huchukua biti 24 za rangi, na picha hubadilishwa mara 60 kwa sekunde. Jumla ni karibu biti bilioni 12 kila sekunde.

HDMI 1.4, iliyotolewa mwaka 2009, mwisho wake ni bilioni 10.2. Mzigo huo haupiti, hivyo kompyuta hushusha kasi hadi picha 30 kwa sekunde. Picha hubaki safi ila mwendo ni wa kukatikakatika, na karani anayeshinda kwenye majedwali ya hesabu hugundua siku hiyo hiyo. HDMI 2.0 ya mwaka 2013 ilifikisha bilioni 18, na HDMI 2.1 ya mwaka 2017 bilioni 48.

Wasafirishaji wanalijua jambo hili: uzito wa mzigo huamuliwa na daraja lililo dhaifu kuliko yote njiani. Hapa madaraja ni matatu: tundu la kompyuta, waya, na tundu la monita. Adapta ikiwekwa katikati inakuwa la nne, na ndiyo inayosahaulika zaidi.

Kwa mnunuzi wa jumla shida ni kwamba nyaya hizi zote kichwa chao ni kimoja. Neno "4K" kwenye pakiti halitoshi, maana hata picha 30 kwa sekunde ni 4K. Muuzaji hajasema uongo, lakini mteja hatarudi. Kinachotafutwa ni maandishi "Premium High Speed" kwa bilioni 18 au "Ultra High Speed" kwa bilioni 48, pamoja na lebo ya uthibitisho inayoweza kukaguliwa kwa simu. Waya mrefu wa bei ya chini uogopwe zaidi, kwani mawimbi hudhoofika kadiri unavyorefuka.

Kabla ya kulipia katoni nzima, unganisha waya mmoja kwenye kompyuta na monita zenye uwezo huo, kisha angalia kwenye mipangilio ya kioo kama hezi 60 zinakubali.