Nyumba ya Mabata na Maji Yao



Baba mmoja, shemasi wa kanisa, alisikia mafundisho yetu juu ya chakula cha watoto. Mtoto wake wa mwisho alikuwa ametoka kulazwa kwa ajili ya bwaki. Miguu yake ilikuwa imevimba, nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi, wala hakutaka kucheza. Tulimwambia baba yule: Bugali na sombe peke yake havitoshi. Mtoto anahitaji chakula kinachojenga mwili, kama maharagwe, ndagala, karanga na mayai.

Akarudi kwake kwa furaha, akanunua mabata watano, dume mmoja na majike wanne. Akasema moyoni mwake kwamba bata ni ndege wa maji. Basi akachimba shimo kubwa nyuma ya jiko, mvua ikalijaza. Nyumba ya mabata hakujenga. Walilala chini ya ukingo wa paa.

Baada ya miezi miwili akarudi hospitali, amembeba mtoto yule yule. Safari hii mtoto alikuwa na homa kali, na damu yake ilipopimwa tuliona malaria. Na mabata? Walibaki wawili. Mmoja aliuawa na siafu usiku, wawili waliibwa.

Baba akauliza, "Munganga, nilikosa kufuga mabata?" Hapana. Alifanya vema kufuga. Lakini alisahau mambo mawili: maji ya mabata sharti yamwagwe, na mabata wenyewe sharti wafungiwe usiku. Tuyaangalie mambo hayo moja moja.

Bata hahitaji ziwa

Bata tunayemwona sana vijijini ni yule mkubwa, mwenye nyama nyekundu usoni, asiyepiga kelele nyingi. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na huko porini hulala juu ya miti. Bata huyu anaweza kuishi vizuri bila ziwa lo lote.

Lakini haja moja anayo. Hunywa maji mengi, tena hupenda kutumbukiza kichwa chote ili asafishe macho na pua. Asipoweza kufanya hivyo, macho yake huugua. Kwa hiyo kikopo kidogo hakifai. Mpe beseni au karai lenye kina cha sentimeta 15 hivi. Kwa mabata watano, bido moja ya litre 20 kila siku yatosha kwa kunywa na kunawa. Lakini maji hayo ni mzigo kichwani. Baba, usimwachie mama peke yake kazi ya kuyachota.

Ukitaka waoge, chimba kidimbwi kidogo tu: urefu sentimeta 80, upana sentimeta 50, kina sentimeta 15. Hiki hujazwa na bido tatu. Kipake udongo wa mfinyanzi uliopigwa sana, au simenti ukiwa nayo. Upande wa chini weka tundu lenye kizibo cha mti, ili maji yote yatoke bila kubaki. Kimwage mara mbili kila juma, kama Jumatano na Jumamosi, na kukisugua kwa ufagio. Beseni la kunywa limwagwe kila siku.

Usiyapoteze maji hayo machafu. Yana mbolea. Yaelekeze kwenye shina za migomba au lenga-lenga. Lakini mboga za shamba lile zioshwe na kupikwa vizuri kabla ya kuliwa.

Kwa nini maji yasikae?

Katika mwaka 1897 munganga Ronald Ross, aliyekuwa kazini Uhindi, alionyesha kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu. Mbu jike hutaga mayai majini. Mayai huwa viluwiluwi, na katika nchi ya joto viluwiluwi huwa mbu wenye mabawa baada ya siku 7 mpaka 14 hivi. Basi ukimwaga maji mara mbili kila juma, hawapati nafasi ya kukua.

Wengine husema, "Mabata watakula viluwiluwi vyote." Ni kweli, mabata hula vingi. Lakini hawafiki katika nyasi za kando, wala katika nyayo zilizojaa maji. Tulipokwenda kwa shemasi yule tulichota kikombe kimoja penye nyasi, na viluwiluwi vilikuwa vinacheza ndani. Hatuwezi kusema kwamba mbu aliyemwuma mtoto alitoka pale. Lakini mwenye hekima halei mbu nyuma ya jiko lake. Na chandarua chenye dawa sharti kitumiwe kila usiku, hata kama kiwanja ni safi.

Kuna tena ugonjwa wa kichocho. Mtu mwenye kichocho akikojoa au akienda choo majini, mayai ya ugonjwa huanguliwa humo, na vijidudu vyake huingia katika konokono fulani. Baadaye hutoka kwa konokono, na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Mabata hula konokono, lakini hawawamalizi. Kwa hiyo watoto wasicheze katika maji ya mabata, wala mama asifue nguo humo. Na kisima cha watu kiwe upande wa juu, mbali na mabata, si chini ya hatua thelathini.

Nyumba ya kulala

Watu wengi huogopa wezi, kwa hiyo huwaingiza mabata katika nyumba wanamolala watoto. Desturi hii si nzuri. Mavi ya ndege yana vijidudu vinavyoleta kuharisha, na mtoto anayetambaa hushika kila kitu na kukitia kinywani. Jengea mabata nyumba yao, umbali wa hatua kumi, mahali unapopaona kutoka mlangoni pako.

Kwa mabata watano, nyumba yenye urefu wa meta 2 na upana wa meta 1 yatosha. Chagua mahali palipoinuka kidogo. Simika miti imara, uezeke kwa nyasi au mabati. Sakafu iwe juu ya nchi kiasi cha sentimeta 50, ya miti au mianzi iliyokaribiana, mguu wa bata usipenye. Tandika nyasi kavu juu yake, na kuzibadilisha zinapolowa, maana bata huchafua sana. Chini kuta zizibwe. Juu ziachwe na nafasi ndogo za hewa, ambazo nyoka na kicheche hawawezi kupita. Ngazi iwe pana, isiyosimama sana, yenye vijiti vya kukanyagia.

Mlango uwe na komeo na kufuli. Kwa ajili ya siafu, ondoa majani yote kuzunguka nyumba, na kumwaga majivu makavu kila nguzo inaposhuka. Mvua ikiyalowesha, mwaga mengine. Ukiona msafara wa siafu unakuja usiku, fungua mlango upesi, maana bata aliyefungiwa hawezi kukimbia.

Pembeni, mahali penye giza, weka masanduku mawili ya kutagia, kila moja lenye sentimeta 40 kila upande. Mabata wakae ndani mpaka saa tatu asubuhi, maana wengi hutaga mapema. Wakifunguliwa alfajiri, mayai yatapotea porini.

Chakula, mayai na vifaranga

Wape pumba za mahindi au mpunga, majani ya viazi, mchwa, na mabaki ya jikoni. Maganda ya muhogo mchungu yasitupwe mabichi mbele yao, kwa sababu yana sumu. Mahindi na karanga zenye ukungu zisitolewe kamwe. Sumu ya ukungu ule huharibu ini, na vifaranga wa bata hufa nayo upesi kuliko ndege wengi. Wala wewe usizile, maana hudhuru ini la mtu vilevile.

Jike wa bata huyu hulalia mayai siku 35, si siku 21 kama kuku. Mwachie mayai 10 au 12. Mengine yapelekwe jikoni. Vifaranga wapewe maji katika sahani yenye mawe ndani, muda wa majuma matatu, wasije wakalowa na kufa kwa baridi.

Mayai ya bata yachemshwe dakika 10 au zaidi, mpaka kiini kiwe kigumu, kwa sababu mara nyingine yana vijidudu vya kuharisha. Na ni nani atakayeyala? Wengine husema mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Si kweli. Yai halifundishi wizi, bali lajenga damu na nyama. Wengine huyauza yote, au kumwekea mgeni. Ni vema kupata franga na kumheshimu mgeni. Lakini mtoto aliyeachishwa maziwa apate sehemu yake kwanza, na mama mwenye mimba vilevile.

Mabata wakifa wengi

Mwaka 2017 homa ya ndege ilipatikana Ituri, kati ya kuku na mabata. Ukiona ndege wengi wanakufa ghafula, usiwale wala kuwauza. Usiwashike kwa mikono mitupu. Wachomwe au wazikwe chini sana, nawe upashe habari munganga wa nyama na wakubwa wa afya. Na siku zote, nawa mikono kwa sabuni ukitoka kwa mabata.

Mungu alimweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza. Kiwanja chako ni bustani hiyo. Baba shemasi alirudi akafukia shimo lake, akajenga nyumba kwa miti ya shamba lake. Majike mawili yaliyobaki hakuyala. Alimwazima dume jirani yake mmoja, na majuma mengi baadaye vifaranga kumi na mmoja walimfuata mama yao kiwanjani. Mtoto wake anakula yai, na anacheza.

Maulizo ya kujibu nyumbani

1. Maji ya mabata wetu yalimwagwa siku gani?
2. Mabata wetu wanalala wapi usiku, na watoto wetu wapi?
3. Juma hili, ni nani katika nyumba yetu aliyekula mayai?