Umebadilisha Sindano Tu, Mbona Santuri za Guka Zinalia Tofauti?

Kama una pleya ya santuri ya kitambo kwa nyumba, ile uliachiwa na guka ama ile uliokota kwa mtumba ukaringia mbogi nayo, kuna siku utaambiwa sindano imeisha. Utaingia mtandaoni, upate sindano mpya ya katriji yako, utoe doh, uichomeke. Halafu uweke ile santuri ya Shirati Jazz unaijua tangu ukiwa mtoi, na gitaa litoke na sauti hujawahi kusikia. Kuna wasee hufurahi. Kuna wengine humwandikia muuzaji matusi ati ameuza feki. Saa zingine ni feki kweli, lakini mara nyingi si feki. Ni vile hiyo sindano ni kitu ingine kabisa.

Cheki hii. Katriji, ile kiboksi inakaa mwisho wa mkono wa pleya, haijaundwa kipande kimoja. Kwa zile nyingi za miaka ya 60 hadi 80, mwili wake unabeba koili za waya tu, basi. Kila kitu kinachotingika kiko kwa ile sehemu ya plastiki unachomoa na vidole: ncha ya almasi, kijiti chembamba kinaitwa kantileva, kipande cha mpira kinachoshikilia hicho kijiti, na nyuma kabisa, kasumaku kadogo. Almasi ikipita kwa mtaro wa santuri inatingishwa, kijiti kinatingika, sumaku inatingika katikati ya koili, na umeme kidogo sana unazaliwa. Huo umeme ndio unaenda kwa amplifaya ukuwe ngoma.

Sasa piga hesabu. Ukibadilisha "sindano tu" umebadilisha almasi, kijiti, mpira na sumaku. Ni kama kuchukua matatu ya zamani, utoe injini, springi na tairi, uache bodi na jina la sacco, halafu ushangae mbona haipandi mlima venye ilikuwa inapanda.

Mfano mzuri ni Shure. Unaijua hata kama hujui unaijua, juu maiki yao ya SM58 iko kwa kila kanisa na kila stage ya shoo. Hao wasee wa Marekani walitoa katriji ya stereo ya sumaku mwaka wa 1958, M3D, halafu 1964 wakatoa V15, ambayo iliendelea kuzaa matoleo hadi ikawa kitu ya heshima kwa watu wa muziki. Kando yake kulikuwa na M44-7, ngumu kama punda, ambayo madijei wa kuskrachi waliishika wakakataa kuiachilia. Halafu 2018 Shure wakasema imetosha, wanaacha biashara ya katriji. Maiki zinaendelea, sindano hapana.

Hapo ndipo story inakuwa noma. Katriji za Shure ziko dunia mzima, miili yake bado inafanya kazi fiti juu koili haina cha kuzeeka sana, lakini sindano ya ogi ni ile iliyobaki kwa masanduku ya wauzaji. Kampuni ya Japan inaitwa JICO, ambayo ilianza 1873 ikitengeneza sindano za kushona nguo (hiyo si mchezo, kutoka kushona hadi santuri), inaunda sindano zake za kuingia kwa miili ya Shure. Na kuna wengine wengi, kutoka wale wa maana hadi wale hata jina la kampuni hawaweki.

Zote zinaingia kwa shimo moja. Sauti ni tofauti. Kwa nini?

Kitu ya kwanza ni umbo la almasi. Sindano ya bei ya chini ina ncha ya duara, kama ncha ya kalamu ya biro, na nusu kipenyo chake ni kama maikroni 15 hadi 18. Ile ya bei ya juu kidogo ina ncha ya yai, ubavu wake umepunguzwa ukawa mwembamba. Juu zaidi ndio unapata maumbo kama Shibata, ambayo ilibuniwa Japan kwenye kampuni ya JVC miaka ya 70 mwanzoni, wakitaka kusoma santuri za chaneli nne zilizokuwa na mawimbi ya juu kuliko yale sikio linasikia.

Hiyo maikroni inasaidia nini? Santuri ya LP inazunguka mara 33 na kitu kwa dakika kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini duara linaendelea kuwa dogo ukielekea katikati. Pale nje mtaro unapita chini ya sindano kwa sentimita kama 50 kila sekunde. Pale ndani karibu na lebo, ni kama 21 tu. Wimbi la sauti ya hezi 10,000, yaani zile "tsss" za matoazi na "s" za mwimbaji, pale ndani linafinywa hadi linakaa ndani ya maikroni 21. Ncha ya duara yenyewe ina upana wa maikroni 30 na kitu. Haiwezi ingia kwa hiyo kona. Inaruka juu, na unasikia ule mkwaruzo wa mwisho wa upande, ati santuri imeharibika. Weka sindano ya ncha nyembamba na wimbo huo huo unasafika. Santuri haikuwa na shida.

Ndio maana mtu ambaye V15 yake ilikuja na ncha ya yai, akanunua sindano ya duara juu ilikuwa rahisi, atakwambia Shure siku hizi imekuwa butu. Na mwenye aliweka ya JICO ya ncha ya laini nyembamba, ile wanaita SAS, atakwambia katriji ya mzee imefufuka. Mwili ni ule ule.

Ya pili ni kijiti na uzito wake. Kikiwa kizito, kinachelewa kufuata mawimbi ya haraka. Na kila kijiti kina mahali pake kinapenda kutingika zaidi, huko juu kwa sauti kali. Wahandisi wa kitambo walikuwa wanapiga hesabu ya hiyo tabia pamoja na koili na waya za pleya, ili moja ikipanda ingine inashuka na sauti inatoka sawa. Ukileta kijiti cha mtu mwingine, hiyo hesabu inavunjika. Inaweza toka kali ya kukata masikio ama iwe nzito kama imefunikwa na blanketi. Shure wenyewe kwa V15 ya tano walitumia bomba la beriliamu, metali nyepesi na ngumu lakini vumbi lake ni sumu, so leo utapata boroni ama alumini badala yake. Mtu asikudanganye ni "sawa na ogi". Inaweza kuwa poa kuliko ogi, lakini si sawa.

Sumaku nayo ikiwa na nguvu kidogo, sauti inashuka. M44-7 ilijulikana kwa kelele yake, milivolti 9.5, mara mbili ya katriji nyingi za kawaida. Ukiweka sindano ya mtaani na ghafla lazima uongeze volyumu, si masikio yako.

Halafu kuna mpira, na hapa ndipo watu huliwa doh kabisa. Utaona mtu anauza sindano ya ogi ya 1978, haijawahi funguliwa, bei ya kushtua. Almasi yake ni mpya kweli. Lakini mpira umekaa kwa hiyo boksi zaidi ya miaka 40, na mpira haujui kama unatumika ama hautumiki, unakauka tu. Ukiwa umekuwa mgumu kijiti hakisongi, besi inapotea na sindano inaruka. Ukiwa umelegea katriji inalala juu ya santuri. Mimi ningechukua mpya ya kampuni inayojulikana badala ya hiyo ogi ya makumbusho, hata kama boksi ina picha poa.

Sasa, lazima ununue ile kali zaidi? Zii. Kama santuri zako ni zile 45 za benga na rumba zilizochapwa Nairobi miaka ya 70, zilizopigwa kwa baa hadi zikawa kijivu, ncha ya duara inaweza kukupendeza kuliko Shibata. Ile nyembamba inaingia chini kwa mtaro, saa zingine inapata sehemu haijawahi guswa na ngoma inatoka fresh. Saa zingine inachimba kila vumbi na kila mkwaruzo unakuletea. Ya duara inapita juu ya mengi. Na kama kuna zile nzito za 78, usiguse na hizi zote. Mtaro wake ni mpana sana, zinataka sindano yake.

Chenye hufai kufanya ni kuendelea na sindano iliyoisha. Almasi hupewa masaa kama 500 hadi 1000, na ikishachakaa inatoka makali ya kukata. Hiyo ndiyo inakula santuri, na mtaro ukishachongwa haurudi. Nyingi za hizo 45 hazikuwahi kuchapwa tena, nyingi haziko Spotify. Ukimuuliza mtu kama Jimmy Rugami, anayeuza santuri pale Kenyatta Market, kopi safi haipatikani kila siku.

Kabla utume pesa, soma namba iko kwa mwili wa katriji na uitumie kutafuta, juu N44-7 na N44G zinafanana kwa macho lakini moja inataka gramu 1.5 hadi 3 na ingine 0.75 hadi 1.5. Muulize muuzaji mambo matatu: ncha ni umbo gani, kijiti ni cha nini, na inawekwa gramu ngapi. Akikujibu "ni ya kila pleya", toka kwa hiyo ukurasa. Ikifika, weka uzito upya na kale kamizani kadogo ka gramu, kisha usianze na wimbo wa kwanza. Peleka sindano moja kwa moja hadi wimbo wa mwisho wa upande, usikize zile "s".